Tarehe Kwanza, Taa Baadaye: Uthibitishaji na Thamani ya Stempu za Vita za Afrika Mashariki ya Kijerumani

Stempu ya posta ni dai la utawala. Anayeitoa huwatangazia watu kwamba barua za eneo hili zinasafiri kwa amri yake. Vita vikija, utawala hubadilika kabla mtambo wa kuchapa haujawahi kuufuata. Jeshi lililouteka mji halina stempu za kuuza, basi huchukua zilizopo, za adui au za nchi nyingine iliyo chini ya bendera yake, na kuzipiga maandishi juu ya picha. Maandishi hayo, ambayo hapa nitayaita chapa ya juu, ndiyo yanayoipandisha bei stempu ya kawaida kabisa. Ndiyo pia yanayowavuta waghushi, kwa sababu karatasi ya chini ni halali na hupatikana kwa bei nafuu. Kinachobaki ni muhuri, wino na mkono uliotulia.

Mazoea ya wathibitishaji ni kuanza na kioo cha kukuzia na taa ya urujuanimno. Makala haya yanadai kwamba mwanzo huo si sahihi. Stempu ya vita ithibitishwe kwanza kwa historia ya vita vyenyewe: nani aliishika ofisi ya posta siku ile inayosomeka kwenye muhuri? Swali hilo halihitaji maabara, na kwa stempu zenye chapa ya juu zilizotumika katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Rwanda na Burundi, majibu yake yanajulikana vizuri.

Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakakifanya kituo cha kuiwinda manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai mwaka huohuo. Kisiwani humo walipiga kwa mkono neno MAFIA juu ya stempu za Kijerumani zenye picha ya Hohenzollern, yoti ya Kaisari, kisha wakaongeza herufi G.R. za mfalme wao. Walizitumia pia stempu za India zilizokwisha kupigwa I.E.F., herufi za kikosi cha India kilichopelekwa vitani ng'ambo. Bara ilichelewa. Shambulio la Waingereza huko Tanga la Novemba 1914 lilishindwa vibaya. Moshi ilianguka Machi 1916, Tanga Julai, Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba, na Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji wa Jenerali Tombeur tarehe 19 Septemba. Kusini, kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Northey kilichotoka Nyasaland kilitumia stempu za huko zenye herufi N.F. Wabelgiji walizipiga stempu za Kongo maandishi marefu ya Kifaransa na Kiholanzi yanayotangaza ukaliaji wao. Kuanzia 1917 Waingereza walitoa stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye chapa G.E.A., kifupi cha jina la Kiingereza la Afrika Mashariki ya Kijerumani, zikaendelea kutumika hadi stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilipotolewa 1922.

Sasa mtu akileta stempu ya I.E.F. yenye muhuri wa posta wa Dar es Salaam wa Mei 1916, mjadala umekwisha. Mei 1916 mji ule ulikuwa wa Wajerumani. Wino unaweza kuwa mzuri kiasi chochote, tarehe imeshaukanusha. Mihuri mingi ya kughushi inaanguka hapa, kwa kuwa mghushi huchonga muhuri mmoja wenye tarehe isiyobadilika na kuupiga popote. Mihuri ya kughushi inayojulikana kwa jina la Madame Joseph, iliyotumika kwenye stempu halisi za makoloni ya Uingereza, imechapishwa kitabuni pamoja na tarehe zake. Mkusanyaji makini huifungua orodha hiyo kabla hajafungua pochi.

Karatasi ya chini nayo ina tarehe yake. Stempu za mwanzo za G.E.A. zina alama maji ya taji na herufi CA za mtindo wa kale. Karatasi yenye alama maji ya herufi za mwandiko wa mkono ilianza kutumika 1921. Chapa inayodaiwa kuwa ya 1917 juu ya karatasi ya mtindo wa pili haiwezekani.

Baada ya hapo ndipo taa na kioo vinapopata kazi. Herufi za risasi hukandamiza karatasi na kuusukuma wino hadi kingo za herufi. Mashine nyingi za leo haziachi mkandamizo huo. Chapa ya juu sharti ilale chini ya wino wa muhuri wa posta, kwa kuwa stempu ilipigwa chapa kabla ya kuuzwa. Ikilala juu ya muhuri, basi mtu alichukua stempu iliyokwisha tumika akaipamba. Wino ukionyesha rangi ya thalosianini, iliyoingia sokoni miaka ya 1930, hauwezi kuwa wa 1915. Stempu za rupia nyingi zichunguzwe kwa ukali zaidi: nyingi zilibandikwa kwenye hati za ushuru na kufutwa kwa kalamu, na wako wanaouosha wino wa kalamu kisha kuweka muhuri bandia wa posta.

Mtihani mgumu kuliko yote ni chapa za mkono, na Mafia ni mfano wake mkuu. Muhuri halisi wa mkono ukibaki salama baada ya vita unaweza kupigwa tena juu ya stempu halisi. Hapo chombo ni cha kweli, karatasi ni ya kweli, ila wakati ni wa uongo. Vilevile ofisa angeweza kupiga chapa halali kwa ajili ya rafiki mkusanyaji, bila barua yoyote kusafiri. Stempu iliyong'olewa haiwezi kututenganishia hali hizi. Bahasha inaweza: inaonyesha kiasi cha nauli, njia, muhuri wa mkaguzi wa kijeshi, na tarehe ya kufika.

Kwa sababu hiyo siafiki desturi ya soko ya kuitukuza stempu isiyotumika yenye gundi safi. Gundi haisemi chochote kuhusu vita. Stempu zilizochapishwa na Wajerumani 1916 katika mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara, zilifukiwa ardhini Morogoro na kufukuliwa 1921. Madoa yake ya unyevu ni sehemu ya historia yake, na kuyahesabu kama kasoro tu ni kuipima stempu kwa kipimo kisichoihusu. Bahasha chafu inayohusu mshahara au fidia ya mpagazi wa Carrier Corps, kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo, ina uzito wa ushahidi ambao orodha za bei hazina safu ya kuuandika.

Vyeti navyo visomwe kwa makini. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London imekuwa ikitoa maoni tangu 1894, na maoni ndiyo neno lenyewe. Cheti kinachosema "halisi" bila kueleza kama kimeikagua tarehe, karatasi na mpangilio wa wino hakijakamilika, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Kwa wasomaji wenye makaratasi ya mababu zao ya miaka ile, nina ombi moja. Msikate stempu kwenye bahasha, msiiloweke majini, msiitenge na barua iliyomo ndani. Ipelekeni nzima kwenye nyaraka za taifa au chuo kikuu kilicho karibu, ipigwe picha pande zote mbili, kabla ya kumwonyesha mfanyabiashara yeyote.