Kutoka Muhogo Mchungu hadi Harusi ya Mariamu

Kila nishukapo kwenye pantoni pale Magogoni, hatua chache kutoka Ikulu, humkumbuka Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi twamjua kwa jina la Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa mwaka 1962. Wachache wajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, alikuwa nyota wa sinema. Aliigiza katika Muhogo Mchungu, mojawapo ya filamu za Kiswahili ambazo serikali ya kikoloni iliwapa watengenezaji kutoka Afrika Kusini waziandae. Mkoloni alikusudia kufundisha. Ila mtazamaji, nadhani, alifurahia jambo jingine: kumwona mtu wa kwao akisema lugha ya kwao ukutani.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ilihitaji mwenyewe. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC. Ilipewa mizigo miwili isiyolingana: kutengeneza filamu za taifa, na kusambaza zile za kigeni zilizojaza majumba kama Avalon na Empire. Mzigo wa pili ndio uliokuwa na wateja. Humo ndimo lilimokolea neno steringi, yaani yule mhusika asiyekufa hata akipigwa risasi kumi, na sijui kama kuna filamu yetu ya enzi hizo iliyotuachia neno lenye maisha marefu kama hilo.

Hata hivyo tusiidharau. Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, ilihubiri vijiji vya Ujamaa, na jina lake lilitoka katika msamiati uleule wa unyonge uliotumiwa na Azimio la Arusha. Ni filamu ya mkutano wa hadhara. Miaka kama kumi baadaye, mwaka 1985, ikaja Harusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo TFC ilishiriki kuitengeneza. Mariamu anaumwa, hospitali haimponyi, naye anamwogopa mganga wa jadi. Kwa hofu ya namna hiyo hakuna waraka wa serikali wenye jibu. Kwangu mimi, hapo ndipo sinema yetu ilipoacha kuhutubia ikaanza kusikiliza.

Mwaka jana niliizunguka Kariakoo nikizitafuta. Kijana muuza filamu akaniuliza, "Hiyo Fimbo ni ya Kanumba, mzee?" Nikamjibu kuwa ni ya kabla Kanumba hajazaliwa. "Basi hiyo ya makumbusho, mzee wangu."

Nilipomtajia Muhogo Mchungu, uso ukamchanuka. "Huyo namjua! Si yule mzee wa Kaole?"

Alimkusudia Abdallah Mkumbila, mwigizaji wa runinga aliyevuma kwa jina hilohilo. Nikaanza kumweleza habari za Kawawa, lakini mteja mwingine alikuwa amekwisha kufika, mkononi ana flashi, anataka ajaziwe filamu za Kikorea zilizotafsiriwa.