Mashine Ilifunzwa na Nani?

Wasee, kila siku naona mtu ameposti eti watafsiri wameisha, AI imefika. Pole pole. Kwanza tuulize hiyo mashine ilifunzwa na nani.

Mwaka 1844, pale Mombasa, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kadhi wa huko akimsaidia. Mwaka 1963 Nyerere, akiwa rais, akatoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar. Ongeza magazeti na vitabu vya shule. Hiyo yote ni jasho la watu, na ndiyo inafanya simu yako ijue Kiswahili.

Sasa njoo Kuresoi. Hapa kuna Kipsigis, Kikuyu, Ekegusii, na kule Mau kuna Kiogiek. Maandishi ni machache, mengi ya kanisa. Mwaka 2023 Meta ilitoa mfumo wa sauti wa lugha zaidi ya 1,100, na mafunzo yake mengi yalitoka kwa rekodi za Agano Jipya. Poa, lakini lugha ya mitume haikufundishi kueleza dhamana ama hati ya shamba.

Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila malipo. Mashine ikikosea neno hapo, anayelala ndani ni mzee wetu.

Kwa hivyo vijana wanaojua lugha hizi walipwe watafsiri mambo ya korti na hospitali sasa. Mashine itajifunza kwao, kama ilivyojifunza kwa wa kwanza.