Taa ya moteri ikiwaka: kode ya kalkilateri inasema nini, na haisemi nini

Mu Lubumbashi, motokari nyingi zinazozunguka kati ya centre-ville, Katuba, Ruashi na Kenya zilikwisha kutumika miaka mingi mahali pengine mbele ya kufika huku. Nyingi zinatoka Japani, zinashukia bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, kisha zinaingilia Kasumbalesa na volani yao ya kuume. Karibu zote ziko na kalkilateri, ni kusema ordinateri ndogo inayopima hewa, esansi na moto wa buji bila kupumzika. Halafu siku moja, taa ya njano yenye picha ya moteri inawaka mu tablo.

Hapo njo makuta inaanza kupotea. Shofere wa taksi iko na versema ya kulipa mangaribi, hawezi kuacha gari siku mbili ku garaji. Mekanisiye anachomeka skaneri, anasoma kode, anasema kapteri ya hewa imekufa. Wananunua kapteri ya okazi, taa inazimwa, na kisha siku tatu inawaka tena. Kumbe kapteri haikukufa. Kode haisemi piesi gani inunuliwe. Inasema paka ni fasi gani kalkilateri imeona kipimo ambacho haikukitazamia.

Tukamate kode P0171, moja kati ya zile zinazoonekana sana. Maana yake: hewa ni mingi, esansi ni kidogo. Kwa nini? Pengine tiyo ya mpira nyuma ya filtri imepasuka na moteri inavuta hewa isiyopimwa. Pengine kapteri ya hewa imejaa vumbi kwa sababu filtri haikufungwa vizuri, jambo la kila siku mu barabara zetu nyekundu wakati wa kiangazi. Pengine pompu ya esansi imechoka ao filtri yake imeziba kwa uchafu wa bidoni. Sababu tatu, kode moja, na bei zake hazifanane hata kidogo: tiyo inaweza kufungwa kwa kolye, kapteri inaweza kusafishwa kwa dawa yake, lakini pompu inapashwa kununuliwa.

Skaneri yenyewe inaweza kusaidia kuchagua, kama mekanisiye anaangalia vipimo vya moteri ikiwaka, hapana kode peke yake. Kama upungufu wa esansi unaonekana moteri ikiwa inanguruma pole pole, na unapunguka ukikanyaga gazi, tafuta hewa inayoingia kwa tundu. Kama ni kinyume, gari inakosa nguvu wakati wa kupanda na mzigo, angalia pompu na filtri ya esansi.

Herufi na namba zenyewe hazina uchawi. P ni moteri na bwati ya vitesi, C ni freni za ABS na mambo ya shasi, B ni ndani ya gari sawa erbagi, U ni mazungumzo kati ya kalkilateri moja na ingine. Kisha herufi, sifuri inaonyesha kode ya motokari zote. Moja inaonyesha kode ya mutengenezaji, na hapo kitabu cha gari ingine hakikusaidie. Kwa mufano P1349 mu Toyota za zamani inahusu VVT-i, mutambo unaosukumwa na mafuta ya moteri. Mbele ya kununua kitu chochote, pima mafuta: yako ya kutosha? Iko meusi sawa lami? Kalkilateri haioni kama mafuta ni machafu, inaona paka kama mutambo umechelewa.

Kode P0301 inasema silinda ya kwanza haichome vizuri. P0302 ni ya pili, na vile vile mpaka mwisho. Kwa gari zenye bobini moja kwa kila silinda, sawa Ist na Vitz za moteri 1NZ, kuna jaribio lisilolipisha hata faranga: hamisha bobini ya silinda ya kwanza kwa ya pili, futa kode, tembeza gari. Kode ikihama na kuwa P0302, bobini njo mugonjwa. Ikibaki P0301, acha bobini, angalia buji na enjekteri. Mekanisiye anayekataa kufanya hivi na anadai bobini nne mpya, mwenye gari iko na haki ya kumuuliza sababu.

Kuna pia bongo ambazo mutu anaweza kuzikamata kwa macho. Skaneri ikionyesha kwamba maji ya moteri iko na baridi ya digri 40 chini ya sifuri, hakuna siku Lubumbashi iliona baridi ya vile. Ni fili iliyokatika, ao prizi ya kapteri iliyochomoka. Na kama kode kumi za sehemu mbalimbali zinatokea siku moja, usianze kuhesabu piesi. Pima bateri, kaza kose zake, safisha fili ya masi inayofungwa ku shasi. Kisha mvua kubwa ya Desemba ao Januari, fungua pia prizi zilizopigwa na maji ya vibwawa.

Shida moja inasumbua garaji nyingi: skaneri ndogo ya Bluetooth inachomekwa chini ya volani, na haisome kitu. Si lazima ikuwe mbovu. Sheria ya kode za pamoja na prizi ya matundu 16 ilianza Marekani kwa gari za 1996. Ulaya ilifuata mu 2001 kwa gari mpya za esansi na 2004 kwa za mazutu. Gari iliyotengenezwa kwa soko la Japani haikufungwa na sheria hizo. Inaweza kuwa ya 1999, iko na prizi ileile, lakini kalkilateri inazungumza luga ya kiwanda chake tu. Hapo kunatakiwa skaneri inayojua luga ya mutengenezaji yule.

Toyota za miaka ya 90, sawa Corolla na Carina, ziko na njia ingine isiyotaka skaneri. Chini ya kapo kuna kisanduku cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSTIC. Kontakti ikiwa imefungwa, kipande cha fili kinaunganisha matundu mawili, TE1 na E1. Soma vizuri majina yaliyo ndani ya kifuniko, kwani tundu lingine linaweza kuchoma kitu. Kisha fungua kontakti bila kuwasha moteri, na uhesabu taa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa tena mara mbili, ni 22: kapteri ya baridi na moto wa maji. 21 ni sonda ya oksijeni, 31 ni kipimo cha hewa, 41 ni kapteri ya papiyo ya gazi. Ikipepesa sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa. Na kode 51 isiwatishe watu: mara nyingi inatokea kwa sababu klima imebaki imefunguliwa ao mutu amekanyaga gazi wakati wa kusoma.

Taa ya njano iliyotulia inaruhusu kufika ku garaji. Ikipepesa wakati gari inatembea na moteri inatetemeka, punguza mwendo na usimame karibu: esansi isiyochomwa inaingia mu katalizeri na kuipasha moto mpaka iharibike. Taa nyekundu ya mafuta ao ya moto wa maji haihusiane na kode. Ile, zima moteri palepale, hata kama uko katikati ya chaussée de Kasenga na watu wanapiga honi.

Inabaki wakati wa kununua gari ya okazi. Mbele ya kuwasha, fungua kontakti tu: taa ya moteri inapashwa kuwaka, kisha kuzimika moteri ikisha kuwaka. Isipoonekana kabisa, mutu ametoa ampule ao ameiziba. Na kama gari iko na luga ya skaneri za kawaida, angalia ukurasa unaoonyesha kama kalkilateri imemaliza majaribio yake. Mengi yakiwa hayajamalizika, kode zimefutwa hivi karibuni, ao bateri ilichomolewa. Omba kutembeza gari kwa muda mrefu, mpaka moteri ipate moto na ipoe na ipate moto tena, maana makosa mengi yanangoja safari mbili mbele ya kuwasha taa. Mara ya mwisho, chomeka skaneri tena mbele ya kuhesabu dola.