Vumbi la Chuma Ndani ya Nyonga

Mei 2012, mwanamume wa miaka 55 alilazwa katika hospitali ya chuo kikuu ya Marburg, Ujerumani, moyo wake ukisukuma damu kwa shida. Na si moyo tu. Macho yalikuwa karibu kuzima, masikio vilevile, na homa ilimpanda bila sababu. Daktari Jürgen Schäfer alikuwa na mazoea ya kuwafundisha wanafunzi wake kwa kutumia tamthilia ya House, na akakumbuka kipindi kimoja chenye mgonjwa wa aina hiyo hiyo. Unaweza kucheka, lakini walipopima damu waliikuta imejaa kobalti. Ilitoka kwenye nyonga. Nyonga yake bandia ya kwanza, ya kauri, ilikuwa imevunjika akawekewa ya chuma, na vipande vya kauri vilivyosalia vikakisaga kile chuma kama msasa.

Sasa, kwamba kobalti huua moyo halikuwa jambo geni. Katikati ya miaka ya 60 baadhi ya viwanda vilikuwa vikitia chumvi ya kobalti kwenye bia ili povu lisishuke. Povu tu, jamani. Mwaka 1965 na 1966, jijini Quebec, Kanada, wanywaji wa kila siku wakaanza kuletwa hospitalini mioyo imevimba. Waliugua 48, wakafa 20. Kiwanda cha Dow kikaimwaga bia yake. (Leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi, na watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe. Hiyo ni insha nyingine.)

Miaka hiyo hiyo, huko Norwich, Uingereza, daktari George McKee alikuwa akiwawekea watu nyonga za kobalti na kromi, chuma kikizunguka ndani ya chuma. Mwenzake John Charnley hakuipenda njia hiyo. Yeye alianza na vikombe vya Tefloni, vikalika haraka na kuacha uvimbe mbaya, ikabidi awapasue upya wagonjwa wake mmoja mmoja. Baadaye akajipandikiza vipande vya Tefloni na vya plastiki mpya kwenye paja lake mwenyewe, aone mwili utasemaje. Tefloni ikavimba. Plastiki ikatulia, na nyonga aliyoanza kuitumia mwaka 1962 ndiyo iliyotawala dunia kwa miongo. Mimi namheshimu kwa lile paja kuliko kwa kitu kingine chochote.

Lakini plastiki nayo husagika, na vumbi lake huufanya mwili uule mfupa unaoizunguka. Wazee hawakujali sana. Shida ilikuwa vijana, watu wa kukimbia na kuendesha baiskeli, waliotaka nyonga ya kudumu. Ndipo chuma kwa chuma kikarudi miaka ya 90, safari hii kikiwa kimeng'arishwa vizuri zaidi.

Kampuni ya DePuy, iliyo chini ya Johnson & Johnson, ikaleta ASR mwaka 2003. Kikombe chake kilikuwa kifupi kuliko cha kawaida. Kikikaa upande kidogo tu, kichwa cha chuma hukwaruza ukingo na kumwaga vumbi la kobalti na kromi kwenye nyama na damu. Marekani iliiruhusu mwaka 2005 bila kudai majaribio kwa binadamu. Ilitosha kuonyesha kwamba inafanana na vifaa vilivyotangulia, ambavyo navyo viliruhusiwa kwa kufanana na vingine. Ukiufuata ukoo huo nyuma unafika kwenye nyonga za kizazi cha McKee, zilizokwisha kuachwa. Yaani babu alishafeli mtihani, mjukuu akapitishwa kwa sababu anafanana naye.

Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Alaska, aliwekewa ASR mwaka 2006. Mikono ikaanza kutetemeka, kusikia kukapungua, akili ikavurugika. Mwaka 2010 alichapisha ripoti ya wagonjwa wawili waliolishwa sumu na nyonga zao. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Najiuliza mama wa kawaida, asiye na jarida la kuchapishia, angesikilizwa na nani.

Agosti mwaka huo ASR iliondolewa sokoni, baada ya sajili ya Uingereza kuonyesha kwamba kwenye kila watu mia, 12 au 13 walipasuliwa tena ndani ya miaka 5. Zilikuwa zimeshaingia kwenye miili ya watu 93,000 hivi. Mahakamani Los Angeles, 2013, zikatokea hesabu za ndani za kampuni zenyewe, za 2011: asilimia 37. Mwishoni mwa mwaka ikakubali kulipa takriban dola bilioni 2.5.

Yule wa Marburg alitolewa chuma, akawekewa kauri tena. Homa ikaisha na moyo ukapata nafuu. Masikio na macho hayakurudi, ila kidogo sana.