Chokaa kwenye bwawa la samaki: ipi inafaa, na lini haihitajiki

Anayeanza kufuga sato au perege huambiwa mapema: kabla ya kupanda vifaranga, mwaga chokaa bwawani. Ushauri huo una faida yake, lakini hapa Dodoma na Singida usiufuate kabla ya kupima. Baadhi ya maji yetu tayari yana chokaa ya kutosha, mengine hayana kabisa. Tena dukani jina ni moja, chokaa, ila mifuko ni tofauti. Ipo inayotuliza maji, na ipo inayoweza kuua vifaranga wote kwa siku moja. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuzitofautisha.

Kwa nini maji huyumba

Hali ya tindikali au magadi katika maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati. Chini yake maji yana tindikali, juu yake yanaelekea kwenye magadi. Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya 6.5 na 9.

Namba hiyo haitulii kutwa nzima. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutumia hewa ya ukaa wakati wa jua, na pH hupanda hadi alasiri. Usiku mimea na samaki wote hutoa hewa hiyo, na pH hushuka hadi alfajiri. Maji yenye chokaa iliyoyeyuka ndani yake huyumba kidogo tu. Yasiyo na akiba hiyo yanaweza kuwa chini ya 7 alfajiri na kukaribia 10 alasiri ya siku hiyohiyo.

Hasara inaanzia hapo. Mkojo, kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Maji ya nyuzi joto 25 yakiwa na pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki hata asilimia 1. Yakifika pH 9, huwa zaidi ya theluthi moja. Mfugaji huona samaki wameacha kula, akadhani chakula ni kibaya.

Maji yako yanatoka wapi?

Wengi wetu tunatumia visima virefu. Dalili za maji yenye chokaa zinajulikana kila nyumba: sufuria ya kuchemshia hubaki na utando mweupe mgumu, na sabuni haitoi povu upesi. Kama ndivyo yalivyo maji yako, huenda akiba ipo tayari na kuongeza chokaa ni kutupa fedha.

Maji ya mvua yanayokingwa kwenye lambo ni habari nyingine. Mvua haina akiba ya chokaa, na yakikusanyika juu ya udongo wa kichanga yanabaki mepesi. Bwawa la namna hii ndilo linaloweza kuhitaji chokaa.

Kundi la tatu ni maji na udongo wa magadi, kama maeneo ambayo kiangazi ardhi huota unga mweupe na ng'ombe huenda kuulamba. Huko pH tayari iko juu. Usiongeze chokaa. Samaki wa jamii ya perege wapo wanaostahimili hali hiyo, kwani hata ziwa Kitangiri na maziwa ya Singida yenye maji ya magadi yana perege wake wa asili. Lakini vifaranga wa sato kutoka kituo cha kuzalishia hawajazoea maji hayo, hivyo jaribu na wachache kwanza.

Chokaa tatu, kazi tatu

Chokaa ya kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Huyeyuka polepole, na kwa kawaida haipandishi pH kupita 8 na kidogo, kwa sababu maji yakifika hapo huacha kuiyeyusha. Hii ndiyo ya kutuliza maji, na inaweza kuwekwa hata samaki wakiwa ndani.

Chokaa ya kupakia ukuta imechomwa kisha ikazimwa kwa maji. Ni kali, hupandisha pH hadi kupita 11, nayo huunguza ngozi na macho. Kazi yake ni kuua vimelea kwenye tope la bwawa tupu. Usiimwage kamwe kwenye bwawa lenye samaki, wala usiichanganye na samadi, maana huchochea amonia.

Chokaa iliyochomwa bila kuzimwa ni kali kuliko zote. Hutoa joto ikigusa maji. Mfugaji mdogo hana sababu ya kuihangaikia.

Majivu ya jikoni nayo hupandisha pH, lakini kwa haraka na bila kipimo cha uhakika. Usiyamwage kwa wingi penye samaki.

Ukitaka kujua kama unga au jiwe ni chokaa isiyochomwa, dondoshea siki au maji ya ndimu. Likitoa mapovu, ni la chokaa. Kanda yetu ina mawe meupe ya aina hiyo, kwa mfano upande wa Bahi na Manyoni. Chokaa iliyochomwa karibuni haitoi mapovu hayo, na mara nyingi mfuko wake huandikwa kuwa ni ya ujenzi.

Kiasi na namna ya kuweka

Kwa bwawa la udongo linalohitaji chokaa, kiasi cha kuanzia ni kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa kila mita 100 za mraba. Bwawa la mita 10 kwa 30 litachukua kilo 30 hadi 60. Tawanya sawasawa kwenye sakafu na kingo bwawa likiwa tupu, kisha jaza maji. Subiri wiki moja hadi mbili kabla ya kuweka mbolea ya dukani yenye fosfeti, kwa sababu chokaa huikamata isifanye kazi.

Kama umetumia chokaa ya ukuta kuua vimelea, jaza maji, subiri wiki mbili, pima pH, na upande vifaranga ikiwa imeshuka chini ya 9. Kwanza weka samaki wachache kwenye ndoo ya maji ya bwawa hilo kwa siku nzima. Wakiwa hai na wachangamfu, endelea.

Bwawa la turubai halina udongo wa kunywa chokaa, hivyo anza na kiasi kidogo, kisha pima tena baada ya wiki mbili.

Kwa wenye matangi ya vioo

Samaki wa mapambo kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ni ndugu wa perege, na wamezoea maji yenye pH ya juu. Ya Tanganyika hukaribia 9. Ukiwafuga nyumbani kwa maji ya mvua, tandika chini kokoto za chokaa, marumaru iliyopondwa au maganda ya konokono, vitu vinavyotoa mapovu kwa siki. Changarawe ya kawaida ya mtoni haisaidii.

Kabla ya kununua mfuko

Pima maji saa 12 asubuhi na tena saa 9 alasiri kwa karatasi za kupimia pH. Tofauti ikiwa ndogo na namba ziko kati ya 6.5 na 9, acha bwawa lilivyo. Namba zikiruka sana, peleka maji kwenye chupa safi kwa afisa uvuvi wa halmashauri, umwombe akusaidie kupata kipimo cha akiba ya chokaa. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, bwawa linahitaji chokaa ya kilimo. Kanda yetu maji ni haba, na bwawa likiharibika katikati ya kiangazi si rahisi kulijaza upya.