Ungwana uliotoka pwani ukafika Mudzipela

Ukiuliza bei ya nyanya Mudzipela, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, utajibiwa kwa lugha ambayo vitabu vya wakati wa Wabelgiji viliiita Kingwana. Hapo watu ni "batu", vitu ni "bintu", na mgeni wa pwani huanza kutabasamu. Tabasamu hilo lingefifia angejua jina limetoka kwake.

Kingwana ni lugha ya mungwana, yaani muungwana. Leo tukimwita mtu muungwana tunasifu tabia yake. Zamani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, neno hilo lilitaja hadhi: muungwana ni aliyezaliwa huru, si mtumwa. Mtu wa bara hakuhesabiwa kabisa; huyo aliitwa mshenzi.

Misafara ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo. Wapagazi wengi waliotoka Zanzibar pamoja na mvumbuzi Stanley walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ikienda kwa mabwana. Hata hivyo walijiita waungwana, naye akawaandika hivyo hivyo: Wangwana. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nani angewauliza nasaba? Kanzu, bunduki na Kiswahili vilitosha. Huko Nyangwe na Kasongo, miji ya Maniema, hata mtoto wa huko aliyetekwa, akakulia kambini kwa watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akikua alikuwa mungwana.

Septemba 1887, akienda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta ya Sudan, Stanley alikuta kando ya mto Ituri kambi ya Ugarrowwa. Zamani huyo Ugarrowwa alikuwa mtumishi wa hema wa mvumbuzi Speke. Sasa ni bwana mkubwa wa pembe za ndovu. Ungwana wa aina hiyo, tusifichane, ulikuja na moto: vijiji vilichomwa, watu wakafungwa kamba.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaangusha mabwana hao mbele ya dola ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Lugha haikuanguka nao. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo, kaskazini mwa Bunia, mwaka 1903, migodi ilikusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa cha wote, ingawa askari walishika Lingala. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead akatoa kitabu kizima cha kufundisha Kingwana.

Katiba ya Kongo ya 2006 haitaji Kingwana. Inaandika Kiswahili, miongoni mwa lugha nne za taifa. Basi, msomaji wa pwani, ukifika Mudzipela usimsahihishe mama anayekuuzia nyanya. Lipa, mshukuru, uende zako.