Taa za Forodhani

Neno forodha limetoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya mahali ambapo bidhaa hutozwa ushuru. Wanafunzi wetu wa Koboko hulifahamu upesi, kwani forodha ya Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, haiko mbali nao. Kadhalika wale wa Arua huijua ya Vurra, mpakani mwa Kongo. Lakini yafaa wajue pia kwamba Forodhani ni jina la ukingo wa bahari mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, na kwamba taa za mahali hapo zina historia yenye mafunzo.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Miongoni mwa maajabu hayo zilikuwamo taa za umeme, kitu kigeni mno katika Afrika ya Mashariki ya siku zile. Mbele ya jumba, upande wa bahari, ulisimama mnara wa taa. Taa zake ziliwaongoza mabaharia, na papo hapo ziliwatangazia mwenye bandari ni nani. Hata hivyo, tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kwa mizinga eneo la majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibika, ukaondolewa. Baadaye mnara wa saa ukajengwa usoni pa Beit al-Ajaib.

Mwaka 1936 pakafanywa bustani hapo kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub. Miaka ilipita, na bustani ya Sultani ikawa baraza ya watu wote. Jioni wachuuzi walipanga pweza na mishikaki, wakawasha karabai. Hapo taa ilibadili kazi: haikutangaza tena ukuu wa mtu, bali ilimwonyesha mnunuzi chakula chake na mzazi mtoto wake.

Shirika la Aga Khan la Utamaduni liliitengeneza upya bustani hiyo, pamoja na ukuta wa kuzuia bahari, njia na taa, ikafunguliwa Julai 2009. Haikupita nusu mwaka, mwezi Disemba, njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ikaharibika, na kisiwa kikakosa umeme kwa takriban miezi mitatu. Waya mpya ulianza kazi 2013. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Nguzo nzuri si mwanga, na mwanga hautegemezi ukuta uliochoka.

Sisi wa West Nile hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo. Kwa miaka mingi miji yetu ilitegemea jenereta, hata kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, kilipozinduliwa mwaka 2012.

Basi, ndugu walimu, tusomeshapo habari za miji ya kale, tusiishie kwenye uzuri wa taa zake. Tuwaulize wanafunzi: taa hii inamwangazia nani, na ni nani atakayeitunza isizimike?